Maswali ya Wasomaji: Python Inapostaafisha Fanksheni Zake

Kila Oktoba lugha ya programu ya Python hutoa toleo jipya, na kila toleo huja na orodha ya fanksheni zilizostaafishwa: bado zinafanya kazi, ila zinatoa onyo kwamba ziko njiani kuondolewa. Barua tulizozichagua safari hii zote zinahusu maonyo hayo.

Swali: Tumehamishia mfumo wetu wa SACCOS kwenye Python 3.12. Majaribio yanapita yote, lakini skrini inajaa maonyo kwamba `datetime.utcnow()` imestaafishwa. Mwenzangu anasema nitafute kila ilipo, niweke `datetime.now(timezone.utc)`, nimalize. Inatosha? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Haitoshi, na kwenye mfumo wa fedha inaweza kuleta madhara siku hiyohiyo.

Anza na sababu ya kustaafishwa, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha pa kuangalia. `utcnow()` inarudisha saa ya UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima) isiyo na alama yoyote ya ukanda wa saa. Python nayo, ikikutana na saa isiyo na alama, mara nyingi huichukulia kuwa ni saa ya mahali mashine ilipo. Tuseme sasa ni saa tisa alasiri hapo Moshi, yaani 15:00. `utcnow()` inakupa 12:00. Ukiita `.timestamp()`, inayogeuza saa kuwa hesabu ya sekunde, juu yake kwenye kompyuta iliyowekwa `Africa/Dar_es_Salaam`, Python inaisoma kama 12:00 ya Tanzania, na namba unayoipata imepungua sekunde 10,800, saa tatu kamili. Msimbo uleule kwenye seva iliyowekwa UTC unatoa jibu sahihi. Hapo ndipo watu wanapopoteza muda: kosa liko kwenye kompyuta ya ofisini, kwenye seva halipo, na kila mmoja anaamini mashine ya mwenzake ndiyo mbovu.

Ile mbadala inarudisha saa yenye alama ya UTC. Ni sahihi zaidi, lakini haichanganyiki na saa zisizo na alama ulizokwisha kuzihifadhi. Ukilinganisha moja na nyingine kwa `<` au `>` unapata `TypeError: can't compare offset-naive and offset-aware datetimes`. Kosa hilo halitokei pale ulipobadilisha, linatokea mbali, kwa mfano kwenye ripoti ya mikopo iliyochelewa inayosoma tarehe za mwaka jana kutoka hifadhidata. Maandishi nayo yanabadilika: `isoformat()` sasa itaongeza `+00:00` mwishoni. Kama kuna mahali mlikuwa mnabandika herufi `Z` kwa mkono, mtatuma `+00:00Z`, na mfumo wa upande wa pili una haki ya kuikataa.

Pa hatari zaidi ni kwenye maelezo ya jedwali. Watumiaji wa SQLAlchemy, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata, huandika `default=datetime.utcnow`, bila mabano, ili fanksheni iitwe kila rekodi inapoingia. Anayetafuta `utcnow()` pamoja na mabano hataiona mistari hiyo. Anayeiona na kuandika `default=datetime.now(timezone.utc)` amefanya vibaya zaidi: saa inasomwa mara moja tu programu inapowaka, na miamala yote ya siku nzima inaingia na dakika ileile. Andika `default=lambda: datetime.now(timezone.utc)`, na unapotafuta, tafuta neno `utcnow` peke yake. Tafuta pia `utcfromtimestamp`, nayo imestaafishwa pamoja.

Tunachopendekeza ni kwenda kwa hatua mbili. Kwanza tengeneza fanksheni moja ndani ya mradi:

```
def sasa_utc():
    return datetime.now(timezone.utc).replace(tzinfo=None)
```

Hii inatoa saa isiyo na alama, kama `utcnow()` ilivyokuwa ikitoa. Elekeza miito yote huko. Maonyo yanakwisha na mfumo haujabadilika tabia. Baadaye, bila haraka, tengeneza ya pili inayobakiza alama, uhamishe moduli mojamoja pamoja na safu zake za hifadhidata, na majaribio ya kila moduli yapite kabla hujagusa inayofuata. Usiondoe `.replace(tzinfo=None)` ndani ya ile ya kwanza, maana utakuwa umebadilisha mfumo mzima kwa mstari mmoja.

Swali: Mbona sisi hatukuwahi kuona onyo lolote kwenye seva, kisha tukapandisha toleo na programu ikakataa kuwaka? Kama maonyo yapo, yanaenda wapi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Yanachujwa. Kwa kawaida Python huonyesha onyo la aina ya `DeprecationWarning` pale tu mstari ulioita fanksheni hiyo uko ndani ya faili unaloliendesha moja kwa moja, lile linaloitwa `__main__`. Utaratibu huu uko tangu toleo la 3.7, na nia yake ni njema: mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na mambo ya mwandishi wa programu. Lakini kwenye seva msimbo wenu karibu wote huingizwa kwa `import`, hauwi `__main__`, kwa hiyo maonyo yanazimwa yote.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaifikirii: kuruka matoleo. Ubuntu 20.04 ilikuja na Python 3.8, na Ubuntu 24.04 ina Python 3.12. Moduli ya `distutils`, ya kufungasha na kusakinisha programu za Python, ilistaafishwa 3.10 na ikaondolewa 3.12. Aliyetoka Ubuntu moja hadi nyingine amelivuka dirisha lote la maonyo. Hata angekuwa amefungua vichujio vyote, jana hapakuwa na onyo la kuonyeshwa na leo moduli haipo. Sera ya Python inataka onyo likae kwa angalau matoleo mawili kabla ya kitu kuondolewa, na hiyo inamlinda anayepita matoleo yote, hata kama ni kwenye majaribio tu. Seva yenu inaweza kuruka. Majaribio yasiruke: yaendesheni kwenye 3.9, 3.10, 3.11, hadi mfike.

Na yaendesheni maonyo yakiwa wazi. Pytest, chombo cha kuendesha majaribio, huyaonyesha yenyewe mwishoni mwa ripoti, lakini orodha isiyozuia kitu husomwa wiki ya kwanza tu. Geuzeni onyo liwe kosa, kwa msimbo wenu peke yake:

```
[pytest]
filterwarnings =
    default::DeprecationWarning
    error::DeprecationWarning:malipo
```

Hapo `malipo` ni jina la pakeji yenu. Mstari wa chini ndio wenye nguvu pale yote miwili inapolingana, basi msigeuze mpangilio. Mkiandika `error::DeprecationWarning` bila jina la pakeji, maktaba ya mtu mwingine iliyochelewa kusahihishwa itayaangusha majaribio yenu kwa kosa msiloweza kulirekebisha, na kabla ya Ijumaa mtu atakuwa amezima kichujio chote. Kwenye seva ya majaribio wekeni `PYTHONWARNINGS=default`. Kila mahali palipoita panatoa onyo mara moja, kwa hiyo logi haitafurika.

Msichukulie pia kwamba onyo la muda mrefu ni onyo la bure. Kuchukua `Mapping` moja kwa moja kutoka `collections` kulistaafishwa toleo la 3.3, mwaka 2012. Kuondolewa kwake kuliahirishwa hata 3.9 ilipotoka, kisha 3.10 ikaja Oktoba 2021 na kuiondoa kweli. Maktaba nyingi zilikuwa na miaka tisa, na bado zilivunjika siku hiyo.

Swali: Baada ya kupandisha naona `No module named 'distutils'`. Nifanye nini haraka? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Haraka: `pip install setuptools`, maana ndani yake mna nakala ya `distutils`. Tangu 3.12 mazingira yanayotengenezwa kwa `venv` hayaji tena na setuptools, ndiyo maana kosa limejitokeza sasa. Kisha tafuta ni nani anayeiita. Kama ni msimbo wako, `copy_tree` ihamishie `shutil.copytree` ukiweka `dirs_exist_ok=True`, na `LooseVersion` ihamishie maktaba ya `packaging`, ambayo ni kali zaidi na itakataa namba za matoleo zilizoandikwa ovyo. `strtobool` haina mrithi rasmi. Iandike mwenyewe, haizidi mistari kumi.

Swali: Ninatunza maktaba ya ndani ya kukokotoa riba, inayotumiwa na timu nne. Nataka kuiondoa `hesabu_riba()` kwa sababu parameta zake zinachanganya. Nifuate utaratibu gani ili nisimvunjie mtu kazi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Mrithi kwanza, onyo baadaye. Toa toleo lenye `riba_ya_mkopo()` bila kuigusa ya zamani, timu zilijaribu. Ukitangaza kustaafisha kabla mbadala haijakomaa, watu watahama mara mbili, na mara ya pili hawatakuamini. Toleo linalofuata, ya zamani iwe ganda tu:

```
def hesabu_riba(mkopo, miezi):
    warnings.warn(
        "hesabu_riba() imestaafishwa tangu 2.4, "
        "itaondolewa 3.0, tumia "
        "riba_ya_mkopo(mkopo, muda=miezi)",
        DeprecationWarning,
        stacklevel=2,
    )
    return riba_ya_mkopo(mkopo, muda=miezi)
```

Angalia mambo matatu humo. Ujumbe una toleo la kuanzia, toleo la kuondolewa, na mstari kamili wa kuandika badala yake, ambao mtu anaweza kuunakili ulivyo. Onyo lisilotaja mbadala linamwachia msomaji kazi ya upelelezi, naye atalizima. Pili, ganda linaita fanksheni mpya. Usiache nakala mbili za hesabu, kwa sababu siku kanuni ya riba itakapobadilika utasahihisha moja na kusahau nyingine, na timu mbili zitatoa riba mbili kwa mkopo mmoja.

La tatu ni `stacklevel=2`, na hapa ndipo maktaba nyingi zinakosea. Bila hiyo, onyo linaonyesha mstari wa ndani ya maktaba yako, wala halimwonyeshi aliyeita. Ubaya hauishii hapo. Kichujio tulichokieleza juu huangalia onyo limetoka moduli ipi, na likionekana limetoka kwenye maktaba yako, halizimwi tu kwenye seva, bali hata mtu aliyeandika hati fupi ya kuendesha moja kwa moja halioni. Na kwa kuwa kila mahali huhesabiwa mara moja, miito arobaini kutoka mafaili arobaini itatoa onyo moja. Andika jaribio la `pytest.warns(DeprecationWarning)` linalohakikisha pia jina la faili kwenye onyo ni la jaribio lenyewe. Ni mistari mitatu, na itakulinda mtu atakapopanga upya msimbo na kuongeza ngazi moja katikati.

Kama timu zote ziko 3.13 au zaidi, tumia dekoreta `@warnings.deprecated("...")`. Inashughulikia ngazi ya mwito yenyewe, na vikaguzi vya aina kama Pyright vinaisoma, kwa hiyo mwandishi anaona jina limepigwa mstari kwenye kihariri kabla hajaendesha chochote. Walio kwenye matoleo ya nyuma wanaipata kutoka `typing_extensions`.

Ukistaafisha parameta na kubakiza fanksheni, thamani yake ya kawaida isiwe `None` ikiwa `None` ina maana kwenye hesabu zako. Weka kitu cha pekee, mfano `_HAIKUTOLEWA = object()`, ili onyo litoke pale tu mtu alipoitaja kweli.

Swali: Nitajuaje kwamba hakuna tena anayeita fanksheni ya zamani? `grep` haionyeshi kitu. (Msomaji huyohuyo)

Jibu: `grep` huona majina yaliyoandikwa kwenye mafaili uliyompa. Haioni jina linaloundwa kwa `getattr`, wala lililo kwenye safu ya hifadhidata inayotaja fomula ya kutumia, wala daftari la msimbo la mchambuzi aliyeko tawi lingine. Omba kila timu iweke `logging.captureWarnings(True)` mwanzoni mwa programu na kufungua kichujio. Maonyo yataingia kwenye logi inayoitwa `py.warnings`, pamoja na faili na namba ya mstari, na mnaweza kuyahesabu.

Hesabu hiyo ivuke mzunguko mzima wa kazi. Kwenye riba, mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu kazi za kufunga mwaka huendeshwa mara moja tu. Ikiwa ulitoa onyo Februari, usiondoe chochote hadi hesabu za Desemba zifungwe na logi ibaki tupu. Kisha katika 3.0 acha jina likiwepo kwa toleo moja, mwili wake ukiwa ni `raise RuntimeError` yenye ujumbe uleule wa mbadala, na ulifute kabisa 3.1. Aliyesahaulika atapata maelekezo pale pale anapokwama, badala ya `AttributeError` isiyomwambia aende wapi.