Je, ni dhambi kuwapeleka watoto kutazama taa za Krismasi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Marehemu mume wangu alikuwa na kawaida yake: kila tarehe 23 Desemba usiku, kabla hatujapanda Rombo, anatuchukua kwenda mjini kutazama taa za Krismasi. Mwaka jana alitupeleka mpaka Arusha. Mwezi wa tano alifariki kwa ugonjwa wa figo. Sasa kwenye kikundi ninachosali, mtumishi amefundisha kwamba mti wa Krismasi umekatazwa katika Yeremia 10, kwamba tarehe 25 ni ya mungu jua, na kwamba taa zile ni madhabahu. Anayekwenda kuzitazama anaingia agano, na ndiyo sababu mlango wa mauti ulifunguka nyumbani kwangu. Anataka nilete sadaka ya ukombozi na nizichome taa alizonunua marehemu. Watoto wanauliza kama mwaka huu tutakwenda. Mdogo, wa miaka saba, kaniuliza: "Mama, taa ndizo zilimuua baba?" Nimekosa cha kumjibu.

JIBU: Mama, pole sana. Maswali ya miti na taa hunijia kila Novemba ikikaribia kwisha, na kwa kawaida nayajibu kwa mistari mitatu. La mtoto wako limeninyima usingizi, ndiyo maana leo nitakuwa mrefu.

Hukumu yenyewe ni fupi. Kuwapeleka watoto kutazama taa si dhambi. Tena si ibada, kwa hiyo asiyekwenda hajapungukiwa na kitu. Someni Warumi 14 pale Paulo anapozungumzia anayeadhimisha siku na asiyeadhimisha.

Sasa nije kwa hayo uliyofundishwa. Nianze na Yeremia, kwa sababu huyu ndiye nabii anayesumbuliwa kuliko wote kila Desemba. Fungua sura ya 10, usome taratibu mwenyewe, usisomewe. Mti unakatwa mwituni, fundi anauchonga kwa shoka, unafunikwa fedha na dhahabu, unapigiliwa misumari usianguke. Halafu nabii anaucheka: hausemi, hautembei, lazima ubebwe. Mti wa kawaida nani alitegemea useme au utembee? Anachekwa mungu wa kuchongwa, sanamu yenye umbo. Isaya 44 inasimulia habari hiyohiyo kwa kejeli zaidi: mtu anakata mti mmoja, nusu anaotea moto na kuokea mkate, nusu iliyobaki anaisujudia. Dhambi ipo kwenye kusujudu. Kama ingekuwa kwenye mti, basi na huo mkate ungekuwa haramu. Yeremia alihubiri miaka kama mia sita kabla ya Kristo. Miti ya Krismasi iliyopambwa tunaisoma kwenye maandishi ya huko Strasbourg mwaka 1605, ikiwa na maua ya karatasi na matufaha. Na mimi Mlutheri niseme jambo litakalowaudhi wenzangu: ile hadithi kwamba Luther ndiye aliyewasha mishumaa ya kwanza kwenye mti haina ushahidi, tuiache.

Hapa Moshi tuna mti tunaouita mkrismasi kabisa. Desemba unawaka maua mekundu kando ya barabara, na sijawahi kumkuta mtu amepiga magoti chini yake, labda fundi baiskeli.

Lakini kilichonikasirisha hasa ni mstari wa 5. Baada ya kuicheka ile miungu, Yeremia anawaambia watu wasiiogope, kwa kuwa haiwezi kutenda baya wala jema. Umeona, mama? Sura uliyotishiwa nayo ndiyo sura inayokukataza kuogopa. Tuseme hata mtumishi huyo yuko sahihi kwamba taa ni miungu ya kipagani. Nabii wake mwenyewe anasema miungu hiyo haina nguvu ya kumdhuru mtu figo. Mwalimu anayesoma mstari wa 3 na wa 4 kisha anafunga kitabu kabla ya wa 5 hajakosea kusoma. Amechagua pa kuishia.

Kuhusu mungu jua. Ni kweli Kaisari Aureliano alimjengea jua hekalu Roma mwaka 274. Kinachosahaulika ni kwamba andiko la kale zaidi tulilonalo linaloitaja tarehe 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa "Asiyeshindwa", yaani huyo mungu jua, ni kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, na ndani ya kitabu hichohicho imo orodha inayotaja Kristo kuzaliwa Bethlehemu siku hiyohiyo. Wanazuoni bado wanabishana nani alimtangulia nani. Wengine wanaona Wakristo walihesabu tu miezi tisa kutoka tarehe 25 Machi. Mimi ubishi huo haunikoseshi raha. Wahabeshi wanasherehekea tarehe 7 Januari na hatujasikia kwamba wao wana Kristo mwingine. Na jua ni la nani? Mwanzo 1 inasema liliumbwa siku ya nne, baada ya majani. Kama jina au tarehe iliyopita mikononi mwa wapagani inatia unajisi, mtumishi huyo anaandikaje "Januari" kwenye stakabadhi zake za sadaka? Januari ni mwezi wa Yano, mungu wa milango wa Warumi. Ajabu ni kwamba yeye anayeona milango kila mahali huo haujauona.

Atakuja na hoja nyingine: sikukuu isiyoamriwa na Maandiko ni batili. Msomeshe Yohana 10:22. Bwana wetu alikuwa hekaluni Yerusalemu wakati wa sikukuu ya kutabaruku, majira ya baridi. Sikukuu hiyo haimo katika torati ya Musa; Wayahudi waliianzisha wenyewe baada ya Wamakabayo kulitakasa hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo, na mwanahistoria Yosefo anasema waliiita Taa. Ni sikukuu ya taa, haikuamriwa na Musa, na Yesu anatembea katikati yake bila kumkemea mtu.

Sisi wa mlimani tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Jani la isale lilikuwapo kabla ya Injili; babu zetu walilishika walipoomba msamaha na kulipanda makaburini. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi hadi mwaka 1938, hakuwaambia watu wang'oe mila zote. Alitafuta zile ambazo Injili ingeweza kukaa ndani yake. Leo Mkristo wa Rombo anampelekea ndugu yake isale, wanapatana, na shetani anakuwa amepoteza ugomvi mmoja.

Nakuja kwenye kifo cha mume wako, na hapa sitakuwa mpole.

Katika Luka 13 watu kumi na wanane wameangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anauliza: mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe: sivyo. Katika Yohana 9 wanafunzi wanataka kujua ni nani aliyefanya dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na wanaambiwa si yeye wala wazazi wake. Mara mbili Bwana amekataa kufanywa shahidi wa kesi hii, na bado kuna watu wanasimama mbele ya mjane, udongo wa kaburi haujakauka, wanamsomea hati ya mashtaka kwa jina lake. Mume wako aliugua figo. Madaktari walisema hivyo nawe ulimuuguza ukaona. Kuna watu wengi walikwenda kutazama taa usiku uleule wakiwa wazima hadi leo, na kuna waliokufa mwaka huu ambao hawajawahi kuiona hata balbu moja ya rangi. Kumwambia mjane kwamba furaha ya mwisho ya mume wake na watoto ndiyo iliyomuua, halafu ukamtajia bei ya kuokoka! Hiyo sadaka usiitoe. Hata shilingi. Damu ya Kristo haina nyongeza.

Nimpe mtumishi haki yake mahali pamoja. Taa hizi zina hatari, ila hajaiona iliko. Mtu wa kwanza kupamba mti kwa balbu za umeme, New York mwaka 1882, alikuwa Edward Johnson, mwenzake Edison katika kampuni ya umeme, na mti ule ulikuwa tangazo zuri la biashara. Tangu hapo taa na duka havijaachana. Zinawashwa ili uingie. Utamkuta mlangoni kijana kavalishwa koti zito jekundu na ndevu za pamba, jasho linamtiririka katika joto letu la Desemba, na ndani miti ya plastiki imebandikwa pamba eti theluji, wakati theluji yenyewe ukigeuza shingo unaiona Kibo. Mimi hunichekesha. Hainichekeshi ninapomwona mzazi amekopa kausha damu ili watoto wapige picha na kuvaa sare, na Januari anakimbizwa na wadai, ada haijalipwa. Hiyo ndiyo madhabahu ninayoijua mimi.

Kwa hiyo mwaka huu nendeni, kama moyo wako unaweza. Usilazimishe Arusha, ni kilomita kama themanini, na kwa mama peke yake usiku na watoto wawili si safari ya kuchukulia kirahisi. Taa za mjini Moshi zinatosha. Tembeeni kuanzia kipilefti cha Mnara wa Saa, mle mahindi ya kuchoma, mrudi mapema kwa bajaji. Usikubali bodaboda ya mshikaki hata kama ni rahisi. Mkubwa mwombe awe mwongozaji, aonyeshe baba alikuwa anasimama wapi. Mtalia. Lieni hapohapo, watu wa Moshi wana adabu, watapita. Na ukifika mjini ukaona huwezi, geuza, wala usijilaumu.

Rombo nako nadhani unakuogopa, ingawa hukuandika. Krismasi ya kwanza ya mjane kihambani ni ngumu: shemeji wapo, ndafu ipo, kila anayeingia anarudia pole, na kuna anayeanza maneno ya mali kabla kiburu hakijaiva. Mwambie mkwe wako mapema siku utakayofika na utakayoondoka. Wapeleke watoto kaburini asubuhi, nyinyi watatu tu, kabla nyumba haijajaa.

Mdogo mjibu kwa maneno machache, maana ana miaka saba: "Hapana. Baba aliugua figo, madaktari wakashindwa. Taa alitupeleka kwa sababu alitupenda." Akiuliza tena kesho, na atauliza, mrudishie maneno yaleyale. Na kikundini usimpeleke mpaka utakapojua watamwambia nini; wewe mwenyewe kama unataka pa kusalia pengine, mlango wa usharika wowote uko wazi, anza na ulio karibu na nyumbani.

Hizo taa za marehemu usizichome. Zitoe kwenye boksi, mpe mkubwa azitundike dirishani kama baba yake alivyokuwa akifanya. Ila kagua waya kwanza, kama panya hawajautafuna.