Niligongwa kichwa, sasa najisikia nafuu: si haki yangu kuamua kucheza?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 24, nacheza raga ya ridhaa. Jumamosi iliyopita niligongana kichwa na mpinzani, macho yakaingia giza kidogo, lakini nilicheza hadi mwisho. Usiku kichwa kiliniuma na mwanga wa simu ukawa unaniumiza macho. Hospitali walinipiga picha ya CT, ikatoka safi. Sasa umebaki uzito wa kichwa tu. Jumamosi hii tuna fainali. Kocha anasema mimi ni mtu mzima, niamue mwenyewe. Kama hatari naijua na nimeikubali, kwa nini isiwe haki yangu?

JIBU: Marahaba. Fainali hiyo usicheze.

Nianze na picha, maana imewaponza wengi. CT inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo ni jambo jingine: seli za neva zinapovutwa na kupindwa ghafla, potasiamu inatoka nje yake na kalsiamu inaingia ndani, nazo hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha kila kitu mahali pake, wakati ambapo damu inayoulisha ubongo imepungua. Hayo CT haiyaoni. Wala si lazima uzimie. Zaidi ya 9 kati ya 10 wanaopata mtikisiko michezoni hawapotezi fahamu.

Hoja yako ya haki ni nzito. Mgonjwa mtu mzima anaweza kuukataa hata upasuaji wa kumwokoa, nami nitamheshimu. Lakini haki hiyo ina sharti: awe na uwezo wa kupima anachoambiwa. Mguu ukivunjika, ubongo unabaki mzima kuamua juu ya mguu. Hapa aliyeumia ndiye huyohuyo anayeombwa kutoa hukumu.

Kumbuka fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani dakika ya 17, akainuka, akaendelea kukimbia. Muda si mrefu akamwendea refa Nicola Rizzoli na kumuuliza kama hii ndiyo fainali. Refa akamwarifu Schweinsteiger, mchezaji mwenzake Kramer, na dakika ya 31 Kramer akatolewa. Karibu robo saa, mbele ya dunia nzima, alikuwa akicheza mechi kubwa kuliko zote za maisha yake bila kujua ni mechi gani. Hakuwa anamdanganya mtu. Angeulizwa kama anaweza kuendelea, sidhani kama angesema hapana.

Na gharama ipo hata kama hakuna janga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Pediatrics ulilinganisha wanamichezo vijana waliotolewa mara moja na walioendelea kucheza: wa kwanza walipona kwa wastani wa siku 22, wa pili siku 44. Wewe tayari umo kundi la pili.

Janga lenyewe ni nadra, na huwapata zaidi wenye umri mdogo kuliko wako, ila likitokea halirudishiki. Mwaka 2006 huko jimbo la Washington, Marekani, Zackery Lystedt wa miaka 13 alirudishwa uwanjani baada ya kuumia kichwa. Aliishia kuvuja damu kwenye ubongo, akabaki na ulemavu. Jimbo lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2009: mchezaji kijana anayeshukiwa kuwa na mtikisiko hatolewi tu, bali harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba anaruhusiwa. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Kwa hiyo kocha anapokwambia "amua mwenyewe" anakutwika mzigo ambao ni wake. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu naijua hamu ya fainali na najua wenzako watakutazama vipi ukikaa nje. Timu iteue kabla ya msimu mtu asiye kocha, mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji, na neno lake lisibishaniwe.

Sasa fanya hivi. Siku mbili za mwanzo zilitosha kwa mapumziko. Kutembea na mazoezi mepesi yasiyozidisha dalili yanasaidia. Ongeza mazoezi hatua kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, na dalili zikizidi rudi nyuma. Mazoezi ya kugongana yasubiri mpaka uzito huo wa kichwa uishe kabisa na daktari akuruhusu. Mwongozo wa World Rugby kwa wachezaji wa ridhaa hauruhusu mechi kabla ya siku ya 21.

Kuna uamuzi ambao ni wako kweli: ukishapona, kama utaendelea na raga, hasa ukigongwa tena na tena. Tangu daktari Bennet Omalu alipouchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mwaka 2002, tunajua zaidi kuhusu madhara ya muda mrefu ya mapigo yanayojirudia. Njoo tukae, nikueleze ninayoyajua, kisha uchague ukiwa na kichwa chepesi. Sitakuzuia.

Lakini kichwa kikizidi kuuma, ukitapika tena na tena, ukipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au wa nyumbani wakishindwa kukuamsha vizuri, nenda hospitali saa hiyohiyo. Waonyeshe wa nyumbani aya hii leo.