Mnaoanza na ng'ombe wa maziwa, msisubiri siku ya kuzaa

Jamani, nyie mnaoanza kazi hii naomba mnisikilize hapa: shida nyingi tunazozikuta wiki ya kuzaa hazijaanza wiki hiyo, zimeanza miezi 2 au 3 nyuma, wakati maziwa yameshapungua, ng'ombe anakaribia kukaushwa (yaani kuachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa) na hakuna anayemjali kwa vile macho yote yako kwa wanaokamuliwa vizuri.

Jifunzeni kupima unene kwa mkono. Macho peke yake yanadanganya, mimba nayo inamfanya aonekane kashiba kumbe kiuno kimekwisha. Mwache atulie, bonyeza zile mbavu fupi za kiunoni kwa kiganja halafu peleka vidole pembeni ya shina la mkia. Kwenye skeli ya 1 mpaka 5, anayekaribia kuzaa tunamtaka kwenye 3 hivi au juu yake kidogo, yaani ukibonyeza kidogo tu mfupa unaupata ila hauchomi. Ukiona pembeni ya mkia pamejaa mafuta na mbavu huzipati mpaka ukandamize kwelikweli, huyo kafika 4, na hapo anza kuwa na wasiwasi hata kama kila anayepita anamsifia kanawiri.

Wasiwasi wa nini? Wiki 3 za mwisho kabla ya kuzaa karibu wote hupunguza kula, lakini mnene hupunguza zaidi, na akishazaa maziwa yanapanda haraka, kilele kinakuja kama wiki ya 6 mpaka ya 8, wakati ulaji unachelewa kufika juu, mara nyingi mpaka wiki ya 10 au 12. Hapo katikati anaishi kwa kula mafuta yake mwenyewe, yanamiminika kwenye ini, ini linazidiwa, ketoni (zinazotokana na mafuta yanayovunjwa) zinajaa kwenye damu, na ndiyo ketosisi hiyo. Nyingine haionekani kabisa kwa macho, kwa hiyo kama mna kile kipimo cha ketoni cha tone la damu kitumieni wiki 2 za kwanza baada ya kuzaa, kikisoma 1.2 mmol/L kwenda juu msipuuze, mwiteni daktari wa mifugo mapema.

Bila kipimo, angalia anavyokula. Anaacha pumba anachagua majani makavu, mavi yanakuwa magumu, machache, na pumzi ina harufu kama tamutamu ambayo wengine hawaisikii kabisa, basi usiitegemee hiyo peke yake. Asubuhi simama ubavu wake wa kushoto, lile shimo nyuma ya mbavu ya mwisho likiwa limezama sana ujue hajala vya kutosha.

Sasa kuna kosa naliona sana linaniuma: mtu anagundua ng'ombe kanenepa akiwa ameshakaushwa, anamnyima chakula akonde. Usifanye hivyo kabisa!! Unayalazimisha mafuta yaende kwenye ini kabla hata hajazaa. Unene unarekebishwa miezi ya mwisho ya kukamuliwa, akishakauka unamshikilia pale pale alipo, majani ya kutosha, nafaka kidogo, na karibu na kuzaa madini ya kipindi hicho, siyo yale ya wanaokamuliwa yenye kalisi nyingi.

Kuhusu homa ya maziwa, yaani kalisi kushuka mno kwenye damu, niseme kwa kifupi, inakuja sana ndani ya siku 3 za kuzaa, hasa waliozaa mara nyingi: masikio baridi, anayumba, mwishowe analala kapinda shingo ubavuni. Hiyo ni dharura. Kalisi ya mshipani iende polepole kwa mkono wa anayejua, ikikimbizwa moyo unaweza kusimama, na msimnyweshe kitu kwa chupa akiwa amelala hivyo maana kinaenda kwenye mapafu.

Mwezi mmoja baada ya kuzaa rudi umshike tena pale pale kiunoni na kwenye mkia. Akiwa ameshuka zaidi ya nusu alama, kabla hujabadilisha chakula kaa kwanza uangalie horini, mara nyingi chakula kipo ila wakubwa wanawasukuma wale wa uzao wa kwanza, au maji yako mbali.