Ndege ya Cessna 172 inatoa moshi na tumbo limejaa oili: usikubali injini ishushwe bado

Mkuu, umesema ndege yako ndogo ya Cessna 172 yenye injini ya Lycoming O-320 inatoa moshi ukiiwasha asubuhi, tumbo linalowa oili hadi karibu na mkia, na fundi anataka injini ishuke. Mwambie asubiri kwanza.

Osheni injini, ikaushwe, iwashwe dakika chache kisha izimwe. Fungueni vifuniko vya injini mkiwa na tochi. Upepo wa propela huchukua tone dogo la mbele ukalitandaza nyuma kote, kwa hiyo palipolowa sana ni pale oili ilipoishia tu. Tafuteni unyevu ulio juu kabisa na mbele kabisa. Kwenye hizi Lycoming nimekuta sana vimpira vya kurudishia oili kutoka kwenye silinda vimekakamaa, ukivibonyeza kwa kucha havibonyei, na klipu zinazunguka kwa mkono. Zinafuata gasketi za vifuniko vya valvu. Tone moja likiangukia ekzosi ya moto, hiyo ndiyo harufu ya kuungua unayoisikia ukishatua.

Angalia na rangi. Doa la bluu ni petroli ya ndege (100LL), wekundu chini ya tairi ni oili ya breki. Ukiona vumbi la kijivu kwenye maungio ya ekzosi, usiruke: hita ya 172 huvuta hewa inayopita kuizunguka sailensa, na gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu.

Sasa tumbo. Unajaza oili kiasi gani? Injini hii huchukua kwati 8 (kwati moja ni karibu lita moja), lakini nyingi hutema zile za juu kupitia bomba la kupumulia. Kuna mteja alikuwa anajaza 8 kila asubuhi huku akilalamika injini inakunywa. Tukaiacha kwenye 6, tumbo likakauka. (Alikuwa ameshapewa bei ya ringi mpya za pistoni!) Ikiendelea kutema hata kwenye 6, hapo nitaanza kushuku ringi.

Moshi wa bluu unaokoma mara tu baada ya kuwasha haunitishi. Ukiendelea, ni ringi au bomba dogo ambamo fito ya valvu hupita (valve guide). Mweusi ni petroli kuzidi, na kabla ya kugusa kabureta hakikisha praima, ile pampu ya mkono ya kunyunyizia petroli kabla ya kuwasha, imefungwa.

Kisha pimeni kompresheni kwa hewa ya shinikizo la psi 80 (paundi kwa inchi ya mraba). Propela ishikwe na mtu anayejua kazi, maana hewa ile inaweza kuizungusha. Mlio kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi; kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi. Halafu andika saa ulizoruka na oili uliyoongeza kila safari. Kwa injini ya nguvu farasi 160, kikomo cha Lycoming ni takriban nusu kwati kwa saa. Ukiwa chini ya hapo na silinda zote zinashika hewa, muulize fundi anataka kufungua nini.