USISUBIRI NAKALA YA HUKUMU! Mimi nilisubiri siku 128

Mkuu, nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Kuna mstari mmoja tu ulionipandisha presha: "karani ametuambia tutulie, nakala ya hukumu ikishachapwa ndipo tukate rufaa."

Msitulie.

Kwa wanaoingia sasa: jamaa yuko Dar. Dada yake kashindwa pingamizi la mirathi ya baba yao kwenye Mahakama ya Mwanzo, ndani ndani huko Lindi, na uamuzi umesomwa tarehe 3 Juni. Anauliza atapataje nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, atapataje kumbukumbu za polisi za mwaka 2016 marehemu alipoibiwa mashine ya kusaga, na kama yote haya yanawezekana kwa mtandao bila kupanda basi. Wachangiaji kumi na mmoja hapo juu wamejibu kwa adabu na mpangilio mzuri. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza uamuzi una siku ngapi tangu usomwe.

Leo ni tarehe 24. Una siku 21 zimekwenda, umebakiza 9.

Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo inapelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Tangu uamuzi UTOLEWE, sio tangu nakala ichapwe wala karani atakapopata wino. Na hili ndilo lililonimaliza mimi: kwa rufaa inayoanzia Mahakama ya Mwanzo, hakuna sharti la kuambatanisha nakala ya hukumu. Hakuna kabisa. Kanuni zake ni za mwaka 1964, Tangazo la Serikali Na. 312, zimezaliwa kabla yangu na kabla ya karani wako. Zinataka petisheni yenye sababu za rufaa zilizopangwa kwa namba, moja baada ya nyingine, na sahihi ya mrufani au wakala wake. Basi. Jalada halisi Mahakama ya Wilaya italiita yenyewe kutoka kule chini. Mahakama Kuu imelisema hili mara nyingi, nikalisoma nikiwa nimeshachelewa.

Sasa yangu. Sitaji mahakama wala watu, ila ilikuwa Mahakama ya Mwanzo moja mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo ukikosa boti ya asubuhi unalala. Mzee wetu alikuwa mvuvi wa dagaa. Aliacha nyumba, boti mbili, mashine ya boti, nyavu, na watoto wa mama wawili, yaani aliacha kesi. Baba mdogo akaomba usimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho sisi tuliokuwa mjini hatukuitwa. Nikaweka pingamizi. Tarehe 9 Februari 2021 hakimu akalitupa, baba mdogo akawa msimamizi.

Siku ileile nikamfuata karani. Mtu mpole, wa makamo, ana miwani ya kusomea. Nikamwambia nataka kukata rufaa. Akanijibu kwa upole uleule: "Kijana, rufaa bila nakala ya hukumu utaikata na nini? Andika barua ya kuomba, subiri tukupigie."

Nikaandika barua. Nikasubiri. Nilijiona raia mwema kabisa.

Mwisho wa Februari nikapiga simu: hakimu anahudumia mahakama mbili, wiki hii yuko kule nyingine. Machi mwanzoni: umeme hakuna. Siku zangu 30 zilikwisha tarehe 11 Machi na mimi sina habari, nilikuwa nakula ugali kwa amani. Tarehe 17 Machi Rais Magufuli akafariki, nchi ikaingia kwenye maombolezo, tarehe 22 na 25 zikawa mapumziko. Nikajiambia hata serikali imesimama, hakimu wa wapi atanilaumu? Baadaye nilipoutaja msiba huo mahakamani niliulizwa swali moja tu: "Muda wako uliisha tarehe ngapi?" Siku sita kabla ya msiba. Nikakaa chini.

Aprili nikasafiri. Nauli ya basi, nauli ya boti, gesti siku tatu, na elfu ishirini ya "karatasi" bila risiti. Mei nikasafiri tena, wino umeisha. Nikawanunulia rimu ya karatasi. Msinicheke, au chekeni tu, nimeshazoea: mimi ndiye mtu aliyeinunulia Mahakama ya Jamhuri ya Muungano rimu ya karatasi ili imnyime haki vizuri.

Nakala nikaipata tarehe 17 Juni 2021. Siku 128. Kurasa nne! Ningeinakili kwa mkono jioni moja ile Februari.

Ndipo akaja wa pili wa kulaaniwa. Nje ya kila mahakama kuna mti, na chini ya kila mti kuna mtu mwenye bahasha ya kaki na tai iliyofungwa mara moja mwaka 1998. Wangu alinitazama, akaitazama nakala, akasema: "Hii iko ndani ya muda kabisa, muda unaanza ulipopata nakala." Kishoka, yaani wakili feki. Alikuwa amesikia sheria ya mahali pengine akaileta hapa. Maana ni kweli, ukitoka na shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, nakala ya hukumu na tuzo (ile amri rasmi inayotokana na hukumu) zinatakiwa, na siku za kuzisubiri huondolewa kwenye hesabu ya muda. Kwa jinai iliyoanzia Wilaya ni kusudio la rufaa ndani ya siku 10 na petisheni ndani ya siku 45, na pale pia siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, sivyo. Yule bwana alichukua laki moja na nusu, akakaa na karatasi zangu wiki mbili "akiandaa", halafu akaniletea petisheni yenye jina la marehemu limekosewa.

Pale dirisha la usajili la Mahakama ya Wilaya ndipo binti mmoja mdogo, nadhani alikuwa kwenye mafunzo, akahesabu kwa vidole na kuniambia: "Kaka, umechelewa. Omba kwanza kuongezewa muda." Ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli tangu Februari. Angekuwa kule ziwani leo ningekuwa na nyumba.

Nikafungua maombi ya kuongezewa muda tarehe 2 Julai. Kiapo nikakijaza uchungu wote: boti, umeme, wino, msiba. Hakimu Mkazi alinisikiliza vizuri, sina kinyongo naye. Akasema mambo matatu na yote yalikuwa kweli. Kwanza, nakala haikuwa sharti, kwa hiyo kuisubiri si sababu ya kutosha. Pili, kutojua sheria si sababu, na kupotoshwa na karani bila kiapo cha karani mwenyewe ni maneno matupu (sasa wewe nenda kamwombe karani aape kwamba alikupotosha). Tatu, hata akinihurumia mpaka tarehe 17 Juni, zile siku 15 kati ya kupata nakala na kufungua maombi nilikuwa wapi? Msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe. Siku zangu 15 zilikuwa chini ya mwembe kwa kishoka. Ningeapa hivyo?

Maombi yakatupwa. Katikati ya hayo baba mdogo alikuwa ameshauza boti moja na mashine. Nyumba ikafuata mwaka uliofuata. Sisemi aliiba, alikuwa na barua ya usimamizi yenye muhuri. Mimi nilikuwa na rimu.

Kuna la kuongezea chumvi kwenye kidonda. Mahakama ya Wilaya ina uwezo pia wa kuliita jalada la Mahakama ya Mwanzo na kulifanyia mapitio, ila isizidi miezi 12 tangu shauri liishe. Ule ulikuwa mlango wangu wa dharura, ulikuwa wazi mpaka Februari 2022. Nilikuja kuujua Aprili 2022.

Kwa hiyo mkuu, RUFAA KWANZA, NAKALA BAADAYE. Dada yako alikuwepo uamuzi ukisomwa? Basi anajua hakimu alisema nini na wapi alikosea. Akae na mtu anayejua kuandika, waandike sababu tatu au nne zenye namba: kikao cha ukoo hakikuhusisha warithi wote, ushahidi fulani haukuzingatiwa, chochote kilicho kweli. Awe na namba ya shauri (ile "Shauri la Mirathi Na. fulani la mwaka fulani", bila hiyo hata malaika hawezi kulipata jalada), jina la mahakama na tarehe ya uamuzi. Aipeleke Mahakama ya WILAYA, sio kumwachia karani wa kule kijijini "aipitishe". Akipewa kontroli namba (namba ya kulipia ada) alipe siku hiyohiyo kwa simu, risiti aipige picha na akutumie wewe Dar. Msiwape watu mwanya wa kusema rufaa iliingia siku ada ilipoingia.

Barua ya kuomba nakala andikeni pia, sijasema msiandike. Nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine irudi kwako na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mimi yangu haikuwa na muhuri. Karani alisema "nimeipokea, hakuna shida". Kumbe shida ndiyo hiyo. Huko mbele, kama rufaa itapanda Mahakama Kuu, ile barua yenye muhuri na hukumu yenyewe utazihitaji kwa hoja. Ila ziwe zinakukuta njiani, wewe ushaondoka.

Kama hamna hela ya wakili, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani majina ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na mtu akijiita wakili, jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujamfungulia pochi. Mwenye tai chini ya mti hayumo, nimeshamtafuta.

Mtandao: aliyekwambia hapo juu ukatafute TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, hajakosea sana, lakini utakuta za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo huko kwenu usikeshe ukiitafuta. Kitumie kusoma wengine walivyoanguka kwenye shimo hili la nakala, utatukuta wengi.

Polisi... ndiyo, uliuliza polisi. Dada akiwa huko apite kituo kilekile ilikoripotiwa, na namba ya RB (ile unayopewa polisi ukiripoti tukio) kama mzee aliihifadhi, au walau tarehe, amuone mkuu wa kituo, aombe kwa barua uthibitisho kwamba taarifa ilipokelewa. Jalada la upelelezi hawatampa, asigombane nao. Lakini mashine ya 2016 haiendi popote ndani ya siku tisa, mkuu. Kwa nini tunaongea mashine?

Na kuna mmoja hapo juu kaandika "mahakama zetu zina huruma, wataelewa". Ndugu yangu, hakimu wangu alielewa kila kitu. Alielewa mpaka akanipa pole kabla ya kusoma uamuzi.

Siku ya mwisho ni tarehe 3 Julai, ila usiihesabu hiyo, hesabu mwisho ni Ijumaa ya wiki hii. Mpigie dada sasa hivi, muulize namba ya shauri, uiandike hapa chini ili nijue umepiga. Kama hana nauli ya kufika wilayani niambie faragha, nauli ya basi ni ndogo kuliko rimu yangu.