Maswali na Majibu: Ndege wa pwani huhesabiwaje wakiwa kwenye tundra?

SWALI: Sisi hapa Mida Creek, Watamu, huhesabu ndege wa pwani maji yakijaa, kwa sababu maji huwasogeza wote kwenye vipande vichache vya mchanga. Nasikia kule kaskazini wanakozaliana wametawanyika kila mahali. Mnawahesabuje bila kumrudia ndege yuleyule, na mnajuaje mmewakosa wangapi? – Msomaji, Watamu

JIBU: Sehemu ya mwisho ya swali lako ndiyo nzito, nami nitaikalia zaidi.

Kaskazini mwa Alaska na Kanada, ninakofanya kazi hii kila kiangazi, hakuna maji ya kutukusanyia ndege. Tundra ni uwanda usio na miti: ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na juu yake ni majani mafupi na vidimbwi visivyohesabika. Kila jozi imeshika mahali pake. Kwa hiyo hatuhesabu makundi, tunahesabu jozi na viota, na muda wenyewe ni mfupi: tangu theluji inapoyeyuka mwezi Juni mpaka mayai yanapoanza kuanguliwa mapema Julai. Ukichelewa, waliopoteza mayai wameshaanza safari, na wenye makinda wameshahama nayo.

Nchi yote haitembeleki. Katika Arctic PRISM, utaratibu wa kuhesabu ndege wa pwani unaotumika Alaska na Kanada, picha za setilaiti hutumika kugawa ardhi kwa aina, kama chepechepe na kavu, kisha viwanja huchaguliwa kwa nasibu ndani ya kila aina. Chepechepe hupata viwanja vingi zaidi, maana ndiko ndege waliko. Kiwanja kinaweza kuwa cha hekta 12, yaani mita 300 kwa 400. Helikopta huwashusha watu wawili, nao hutembea sambamba wakimtia kila ndege kwenye ramani pamoja na alilokuwa akifanya: anaimba angani, anajifanya amevunjika bawa, ameruka kutoka kiotani. Ramani hiyo ndiyo kinga ya kumhesabu mmoja mara mbili.

Sasa, waliokosekana. Timu hiyo hupita mara moja tu, na ndege anayeatamia hulala chini kabisa, rangi yake ikifanana na majani makavu. Ndiyo maana viwanja vichache hupewa watu wanaopiga kambi na kuvirudia msimu mzima hadi wapate karibu kila kiota. Wawili huburuta kamba ndefu juu ya majani. Ikimpitia aliyelala, anaruka. Au unakaa mbali na darubini, umetulia, mpaka mwenye kiota arudi. Hatakwenda moja kwa moja: atajifanya anadonoa, atasimama, atazunguka, kisha ghafla hayupo. Hapo alipopotea ndipo penye mayai, kwa kawaida manne, ncha zote zikielekea katikati.

Yai mojamoja tunalitia kwenye maji. Yai bichi hulala ubavu chini. Kinda linavyokua, hewa ndani ya yai huongezeka, yai husimama, na mwishowe huelea. Kwa njia hiyo tunakadiria siku ya kuanza kuatamia, hivyo tunajua kama kiota kilikuwepo timu ya haraka ilipopita. Alama huwekwa mita kadhaa kutoka kiotani, isije ikamwelekeza mbweha.

Halafu ni hesabu. Tuseme mahali penye jozi 10 za uhakika timu ya haraka iliandika 8. Uwiano ni 0.8, na hesabu za viwanja vingine vyote hugawanywa kwa uwiano huo. Kila spishi ina uwiano wake. Dume la Calidris melanotos, aina ya chamchanga, haliatamii wala halina jike mmoja, kwa hiyo wingi wa madume yanayovuma angani haukuambii idadi ya viota. Kwa Phalaropus, kundi jingine la ndege wa pwani, ni kinyume: dume ndiye huatamia, na jike huondoka mapema. Kwa maoni yangu, hesabu ya kupita mara moja isiyosahihishwa hivi haifai kutolewa kama idadi ya ndege.

Chamchanga wenu mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, hatoki Alaska. Huzaliana Siberia, hasa rasi ya Taimyr, ambako watafiti ni wachache na nchi ni kubwa mno. Huko mambo huamuliwa na lemingi, panya wa tundra. Wakiwa wengi, mbweha hula hao. Wakiadimika, hugeukia mayai na makinda. Watafiti wa Afrika Kusini wameonyesha kuwa wingi wa ndege wachanga wanaofika kwao hufuata mzunguko huo.

Kwa hiyo ongezeni safu moja katika daftari lenu: wachanga na wakubwa kando. Kuanzia Septemba hadi Novemba tazameni mgongo. Kwa ndege mchanga, kila unyoya una ukingo mweupe safi, kama magamba ya samaki, na kifua kina wekundu hafifu wa manjano. Kwa mkubwa, manyoya yamechakaa, na huenda mabaka ya rangi ya matofali bado yapo tumboni. Msipoweza kuwaangalia wote, chukueni sampuli sehemu kadhaa za kundi, katikati na pembeni, kwa sababu wachanga mara nyingi hukaa ukingoni.