Utafiti wa picha na jeni: anzia kwenye sindano

Wanafunzi wanaotaka kuunganisha picha za uchunguzi na baiolojia ya molekuli huniuliza waanzie wapi, kwenye skani au kwenye jeni. Huwa nawaambia waende kwanza kwenye chumba kinakochukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu kwa uchunguzi, wasimame pembeni, waangalie sindano inaingia wapi. Wengi hawalipendi jibu hilo.

Lakini hebu piga hesabu. Nukta moja ya picha nzuri ya CT, skani ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, ni kama milimita 1 kila upande. Seli ina upana wa maikromita 10 hivi, kwa hiyo nukta hiyo moja inaweza kubeba seli zipatazo milioni 1. Tena uvimbe haufanani kote: katikati huenda umekufa, pembezoni unakua kwa kasi. Kama fomu ya sampuli imeandikwa "pafu la kulia" basi, hutajua kamwe jeni ulizopima ni za upande upi.

Mwombe daktari wa radiolojia ahifadhi picha inayoonyesha ncha ya sindano ikiwa ndani ya uvimbe. Andika namba ya kipande cha picha, saa ya kuchukua kinyama, na saa kilipogandishwa. RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi kwenye seli, huharibika upesi kwa sababu vimeng'enya vinavyoikatakata vimo ndani ya tishu yenyewe, kwa hiyo peleka sampuli kwenye naitrojeni ya maji, kisha friza ya nyuzi -80. Formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, hulinda umbo la seli, ila huivunja RNA vipande vipande. Na mwanapatholojia achukue sehemu yake kwanza, maana jibu la mgonjwa hutangulia utafiti wako. Hapo sina mjadala.

Kabla ya kusaga tishu, kata kipande chembamba sana, kipake rangi, ukitazame kwa hadubini. Hili nalisisitiza zaidi kwa wanaotumia PET, skani inayofuatilia dawa yenye mnururisho mwilini. Glukosi iliyofungwa na fluorini-18 hung'aa kwenye saratani kwa sababu seli zake hula sukari kupita kiasi, jambo ambalo mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alilieleza tangu miaka ya 1920. Lakini seli za kinga nazo hula. Kidonda cha kifua kikuu kinaweza kung'aa vilevile, na ukisaga bila kuangalia utasifia jeni za saratani kumbe umepima uvimbe wa maambukizi.

Takwimu ndizo huangusha wengi. Ukitoa vipimo 500 kwenye picha na kuvilinganisha na jeni 20,000, una jozi milioni 10. Kwa kigezo cha 0.05, yaani kukubali kosa la bahati 5 katika kila 100, laki 5 zitaonekana "zina maana" kwa bahati tu, hata kama hakuna uhusiano wowote. Chagua maswali machache kabla ya kufungua data, kisha uyajaribu kwa wagonjwa wa hospitali nyingine.

Halafu zoeana na wapiga picha wa mashine za skani, si madaktari peke yao. Wao ndio hujua siku programu ya mashine ilipobadilishwa, au unene wa vipande uliposhushwa kutoka milimita 5 hadi 1. Tarehe hiyo iingie kwenye jedwali lako siku hiyohiyo, kwa kuwa badiliko kama hilo laweza kuwagawa wagonjwa wako makundi mawili yasiyohusiana na jeni yoyote.